Kupumzika Bukavu, Mji wa Ziwa na Milima

Kila siku wagonjwa wanaotoka hospitali huambiwa neno hili fupi: "Nenda ukapumzike." Mgonjwa huitikia, "Ndiyo, munganga," kisha hufunga nguo zake, huchukua vidonge vyake, huenda. Lakini akifika nyumbani, kupumzika ndiko kunakomshinda. Hesabu ya vidonge imeandikwa katika karatasi, lakini hesabu ya mapumziko haikuandikwa. Hajui apumzike siku ngapi, wala aache kazi gani, wala nani atateka maji mahali pake. Basi siku ya tatu anashika jembe, ama anafunga mzigo mgongoni. Baada ya juma moja anarudishwa hospitali akibebwa, na kidonda kimefunguka.

Somo hili ni kwa ajili ya mtu huyo na jamaa yake. Tunataka kuonyesha kwamba mapumziko ni sehemu ya matibabu, kama vile sindano na vidonge. Tena yana kipimo chake, na yana masharti yake. Tutachukua mji wa Bukavu kuwa mfano wetu, kwa kuwa tangu zamani watu wameusifu kuwa mji wa kupumzikia, na kwa kuwa wengi wetu tunakaa humo au tunapanda kwenda huko kutafuta matibabu.

Mji ulio kando ya maji

Bukavu umekaa kwenye mwisho wa kusini wa Ziwa Kivu, kama mita 1500 juu ya bahari. Hapo nchi kavu imeingia majini kwa rasi tano, kama vidole vya mkono uliowekwa juu ya maji. Rasi moja ni Muhumba. Nyingine huitwa La Botte, maana yake buti, kwa sababu ya umbo lake. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapo hapo, unatelemka kwenda Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake ni nchi ya Rwanda. Upande wa magharibi milima inapanda mpaka Kahuzi, ambao ni mita 3308. Msitu wake ni hifadhi tangu mwaka wa 1970, ili gorila wasiangamizwe.

Kwa sababu ya kimo hicho, hewa ya Bukavu ni ya kiasi. Mtu aliyetoka Uvira, au Shabunda, au bonde la Ruzizi, akifika usiku wa kwanza hutafuta blanketi. Mvua hunyesha tangu Septemba mpaka Mei. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni ya kiangazi, na vumbi ni nyingi.

Wabelgiji waliona uzuri huo. Tangu mwaka wa 1927 mpaka miaka ya 1950 waliuita mji huu Costermansville. Watu wao waliochoka kwa kazi katika nchi za joto walipanda Kivu kupumzika, wakajenga nyumba kwenye rasi, zikitazama maji. Waafrika walipewa makao yao mbali na maji, Kadutu na Bagira. Mtu wa Kadutu alishuka asubuhi kufua nguo na kulima bustani ya mwenye kupumzika, na jioni alipanda kilima kurudi kwake.

Hivyo watu wengi walijifunza kwamba pumziko ni kitu cha wenye mali, na kwamba maskini akipumzika ni mvivu. Fundisho hilo ni baya, tena lingali mioyoni mwa watu hata leo. Soma Kumbukumbu la Torati, mlango wa 5. Mungu alipowapa watu wake siku ya kupumzika, hakumpa bwana wa nyumba peke yake. Alimtaja mtumwa na mjakazi na mgeni, hata ng'ombe na punda. Kama punda ana haki ya kupumzika, je, mama aliyepasuliwa tumbo juma lililopita hana?

Mwili hufanya nini ukipumzika?

Watu wengine hufikiri kwamba mwili ukilala haufanyi neno. Sivyo. Wakati wa usingizi moyo hupiga polepole, na nguvu ya damu katika mishipa hushuka. Chakula tulichokula hutumiwa kutengeneza nyama mahali palipochanwa na kuongeza damu iliyopotea. Mwili ni kama nyumba yenye fundi mmoja tu. Fundi huyo akitumwa siku nzima kubeba mizigo, hapati nafasi ya kutengeneza ukuta uliobomoka.

Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au 8 kila usiku. Mgonjwa anayepona anahitaji kupita hapo, tena alale kidogo mchana.

Lakini angalia: kupumzika si kulala kitandani mchana kutwa. Mtu aliyepasuliwa akikaa bila kusogea kabisa, damu yaweza kuganda katika mishipa ya miguu. Donge la damu hiyo likipanda mpaka mapafuni, laweza kumwua. Kwa hiyo munganga humwambia mgonjwa asimame mapema na kutembea kidogo kidogo. Kutembea polepole ni dawa. Kubeba mzigo ni sumu. Usichanganye hayo mawili.

Hewa nzuri peke yake haiponyi

Hapa tunataka kusema neno kwa wenye kifua kikuu.

Zamani, kabla dawa haijapatikana, waganga wa Ulaya waliwapeleka wagonjwa wa kifua kikuu milimani. Mji uliosifiwa sana ulikuwa Davos, katika nchi ya Uswisi, ulio na kimo cha mita 1560, karibu sawa na Bukavu. Wagonjwa walilazwa barazani miezi na miezi, wamefunikwa mablanketi, wakivuta hewa ya baridi. Wengine walipata nafuu, lakini wengi walikufa, pamoja na uzuri wote wa milima ile.

Mwaka wa 1943 dawa iitwayo streptomisini iligunduliwa huko Marekani, na baadaye dawa nyingine zilifuata. Ndipo waganga katika mji wa Madras, India, walipofanya jaribio. Wagonjwa wengine walitibiwa katika hospitali nzuri ya mapumziko. Wengine walitibiwa kwao, katika nyumba ndogo zenye watu wengi na chakula haba. Wote walipewa dawa zile zile. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 1959: wale wa nyumbani walipona karibu sawasawa na wale wa hospitali. Dawa ndiyo iliyowaponya.

Basi, ndugu, ikiwa umepanda Bukavu kutoka nchi ya joto, na kikohozi kimepungua, na mwili umeanza kunenepa, usiseme, "Hewa ya Kivu imeniponya," ukaacha vidonge. Matibabu ya kifua kikuu kwa kawaida ni miezi 6. Ukiacha mwezi wa pili, vijidudu vilivyobaki hupata nguvu ya kushindana na dawa, na ugonjwa hurudi ukiwa mgumu kuliko mwanzo. Tena utawaambukiza wale wanaolala chumba kimoja nawe. Pumzika, fungua madirisha, na meza dawa mpaka siku ya mwisho.

Mwenye damu kupanda, yaani tansio, na mwenye kisukari pia, asiache dawa yake kwa sababu yuko likizoni. Ugonjwa hauna likizo.

Vivyo hivyo malaria. Watu husema, "Bukavu kuna baridi, hakuna mbu." Ni kweli kwamba mbu ni wachache kuliko katika bonde la Ruzizi, lakini wapo, na malaria ipo. Milima ya Kivu yenyewe ilipandwa miti ya kinkina, ambayo magome yake hutoa kinini, na kiwanda cha Pharmakina mjini Bukavu kilijulikana mbali kwa dawa hiyo. Leo munganga huanza kwa dawa nyingine, zenye artemisini, na shauri lake ndilo la kufuata. Lala katika chandarua kila usiku. Mtoto akipata homa, apimwe damu siku ile ile.

Mzigo wa mama

Anayepita Bukavu asubuhi huwaona wamama wanaobeba mizigo sokoni na bandarini. Kamba hupita kwenye paji la uso, mgongo umeinama, na juu yake kuna gunia la unga, au makaa, au bidoni za maji. Wengine hubeba mzigo uzitoao kuliko mwili wao wenyewe, wakipanda vilima kwa franka kidogo tu. Mama kama huyo akiambiwa, "Pumzika," hujibu kwa maswali. Tusikilize mazungumzo yao.

Mama: Munganga, nikilala, watoto watakula nini?

Munganga: Mama, swali lako ni la haki. Lakini nikuulize: kidonda kikifunguka, ukarudi hapa majuma matatu, watoto watakula nini siku hizo?

Mama: Sijui, munganga.

Munganga: Basi leo tusizungumze sisi wawili tu. Mwite baba wa watoto, na mama mkwe, na dada yako. Nitawaambia wote pamoja.

Munganga huyo alifanya vema. Mapumziko hayako mikononi mwa mgonjwa peke yake. Yako mikononi mwa nyumba nzima. Mama hawezi kupumzika kama mume hajakubali kuteka maji, wala kama mama mkwe husema, "Sisi zamani tulizaa na kesho yake tukalima." Ndiyo, wengine walilima. Na wengine walizikwa, nao hawapo leo kutoa ushuhuda wao.

Sikilizeni hesabu ya siku. Mama aliyezaa kwa kupasuliwa asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake kwa majuma 6. Mama aliyeshonwa fistula, yaani ugonjwa wa kuvujwa na mkojo baada ya kuzaa kwa shida, asibebe mizigo wala asilale na mumewe kwa miezi 3 kwa uchache, na zaidi munganga akisema hivyo. Akipata mimba tena, asizalie nyumbani. Aende hospitali mapema ili apasuliwe. Mume anayevunja sharti hili huharibu kazi yote ya munganga kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka hospitali, mgonjwa na jamaa yake waulize maneno haya matano, wayaandike karatasini pamoja na dawa:

1. Nipumzike siku ngapi, au majuma mangapi?
2. Nisibebe uzito gani, na nisifanye kazi gani?
3. Nitembee kiasi gani kila siku?
4. Nile nini, na niache nini?
5. Nikiona dalili gani, nirudi upesi?

Juu ya swali la tano, hizi ndizo dalili za kurudi bila kungoja kesho: homa, usaha au harufu mbaya katika kidonda, damu nyingi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kupumua kwa shida, maumivu ya kifua.

Na wewe mshiriki wa kanisa, una kazi hapa. Mgonjwa akitoka hospitali, wengi huja kumsalimu, hukaa saa tatu, naye hulazimika kuinuka na kuwapikia. Hiyo si huruma. Wamama wa kanisa wagawane siku: mmoja alete maji, mmoja afue, mmoja apike. Ombeni pamoja naye kwa ufupi, kisha mwacheni alale.

Siku moja ya mtu anayepumzika

Tuseme munganga amekuruhusu, nawe unakaa Bukavu kwa jamaa yako, au katika nyumba ya wageni, mpaka siku ya kupimwa tena. Fanya hivi.

Asubuhi, jua likiwa bado dogo, tembea kwenda mahali unapoona ziwa. Saa hiyo utaona wavuvi wakirudi. Mitumbwi yao hufungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, na usiku huvua kwa taa, wakiimba ili makasia yaende pamoja. Keti utazame. Macho yanayotazama mbali hutuliza moyo. Lakini kumbuka kwamba Bukavu ni mji wa vilima. Kushuka ziwani ni rahisi, kazi ni kupanda. Usishuke kwa miguu mpaka majini ikiwa makao yako ni juu Kadutu. Mtu aliyepasuliwa asipande pikipiki katika njia ya mashimo, na mwenye ugonjwa wa moyo au upungufu mkubwa wa damu amwulize munganga kwanza kama vilima hivi vinamfaa.

Saa sita, kula chakula cha kujenga mwili. Samaki wadogo waitwao sambaza ni chakula bora. Zamani hawakuwamo katika Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakaongezeka. Huliwa wazima pamoja na mifupa yao, na mifupa hiyo hutia nguvu katika mifupa yetu. Kula sambaza na bugali, pamoja na lengalenga au sombe, maharagi, avoka, na tunda. Mwenye haja ya damu asikose mboga za majani na maharagi. Kasiksi na pombe nyingine, na tumbako, viache. Pombe huharibu usingizi na hushindana na dawa, na tumbako huchelewesha kidonda kupona.

Baada ya kula, lala saa moja. Jua la mchana ni kali katika nchi ya juu, hata kama hewa ni baridi. Kwa hiyo kaa kivulini.

Jioni, vaa sweta na umfunike mtoto vizuri. Lakini usiwashe makaa katika chumba kilichofungwa ili kupata joto. Moshi usioonekana wa makaa huua watu usingizini. Zima simu mapema. Soma Neno, omba, lala.

Maji ya kunywa yachemshwe kila siku, hata kama ziwa linaonekana safi kama kioo. Katika kimo cha Bukavu maji huchemka kwenye joto la digrii 95 hivi, wala hayafiki 100, lakini yakitokota vizuri kwa dakika moja vijidudu hufa. Kipindupindu kimekaa katika nchi hizi za maziwa miaka mingi. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi walipojaa Goma, kipindupindu na kuhara damu viliwaua maelfu kwa maelfu katika majuma machache. Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kushika chakula. Mtu akianza kuharisha maji maji, apelekwe kituo cha afya upesi, na njiani aendelee kunyweshwa maji haya: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote kwa kipimo cha kijiko kilicho sawa juu.

Ziwa ni zuri, tena lina hatari

Ziwa Kivu lina ukubwa wa kilometa za mraba 2700 hivi, na kina chake hufika karibu mita 480. Mahali pengi maji huwa marefu hatua chache tu kutoka ukingoni. Watoto wasiogelee bila mtu mzima. Mwenye kidonda asiingie majini kabisa.

Mtu akienda Goma au Idjwi kwa chombo, asikubali kupanda kilichojaa kupita kiasi, na avae jaketi la kuokolea tangu mwanzo wa safari. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova kilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ng'ambo ikionekana, na makumi ya watu walikufa. Kufika jioni ukiwa hai ni bora kuliko kuwahi.

Tena chini kabisa ya ziwa kuna hewa mbaya nyingi iliyofungwa na uzito wa maji. Hapa Bukavu haimdhuru mtu anayekaa ukingoni. Lakini upande wa kaskazini, karibu na Goma na Sake, kuna mashimo na mabonde ambamo hewa ya namna hiyo hutoka ardhini na kujaa chini. Wenyeji huyaita mazuku. Hewa hiyo haionekani, na mtoto au mbuzi akiingia huanguka na kufa. Mgeni wa huko awaulize wenyeji kabla ya kuketi mahali pa bondeni, wala asimlaze mtoto chini.

Pumziko la moyo

Kuna uchovu ambao blanketi na sambaza haziwezi kuuondoa. Mji huu wa mapumziko umeona mambo mazito. Mwaka wa 1994 wakimbizi waliujaza. Tarehe 6 Oktoba 1996, huko Lemera, wagonjwa waliuawa vitandani mwao katika hospitali ya kanisa, na watumishi pamoja nao. Mwezi huo huo vita vilifika Bukavu. Mwaka wa 2004 watu walikimbia tena, na Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia mjini. Nyumba nyingi za Bukavu zina mtu ambaye usiku hushtuka, au hasikii njaa, au hulia bila sababu inayoonekana, au hukasirika upesi.

Mtu huyo si mwendawazimu, wala hana imani haba. Moyo wake umejeruhiwa, na jeraha la moyo linahitaji tiba na pumziko kama jeraha la mwili. Daktari Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu na mwana wa mchungaji, alikuwa amefanya kazi Lemera kabla ya kuanzisha hospitali ya Panzi mwaka wa 1999, chini ya kanisa la CEPAC. Wengi wanamjua kwa sababu ya zawadi ya amani ya Nobel aliyopewa mwaka wa 2018 pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Lakini sisi tujifunze neno hili katika kazi yake: kushona mwili wa mwanamke aliyeumizwa hakukutosha. Ilimpasa pia apate mtu wa kumsikiliza, na msaada mbele ya sheria, na kazi ya kumlisha akirudi kwake. Mwaka wa 2011 nyumba iitwayo Cité de la Joie ilifunguliwa Bukavu, ambapo wanawake waliojeruhiwa hukaa miezi 6, wakijifunza na kupata nguvu tena. Hakuna aliyewaambia, "Sahau, endelea na kazi."

Kumbuka habari ya nabii Eliya katika 1 Wafalme, mlango wa 19. Alikimbia mbele ya watu waliotaka kumwua, akachoka hata akaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale mara ya pili, akamlisha tena. Ndipo, baada ya hayo, akazungumza naye. Tufuate utaratibu huo kwa ndugu zetu walioumizwa: chakula, usingizi, mtu wa kukaa naye, maneno baadaye. Na kama majuma yanapita bila nafuu, au mtu anasema afadhali afe, msimwache peke yake hata saa moja. Mpelekeni kwa munganga siku ile ile.

Kama njia si salama

Labda unakaa Walungu, au Kabare, au bondeni, nawe umetamani kupumzika Bukavu. Uliza kwanza habari za njia. Safari ya hofu huondoa faida yote ya mapumziko. Ikiwa njia si salama, au franka hazitoshi, usihuzunike. Wale wagonjwa wa Madras walipona nyumbani mwao. Kivuli cha mgomba, mkeka safi, maji yaliyochemshwa, dawa kwa saa zake, na jamaa waliokubali kukubebea mzigo: mwenye kuvipata hivyo amepata mapumziko.

Bwana Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake waende kando wapumzike, maana watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Habari hiyo iko katika Marko, mlango wa 6. Na katika mlango wa 4 tunasoma kwamba yeye alilala katika mashua, ziwani, kichwa chake juu ya mto. Ziwa lile la Galilaya ni dogo kuliko Kivu zaidi ya mara kumi. Ikiwa Bwana alichoka akalala, mtumishi wake asione haya kufanya vivyo hivyo.

Maswali ya kujiuliza nyumbani

1. Nani katika nyumba yetu aliambiwa apumzike, naye bado anabeba mzigo?
2. Kazi zake ni zipi, na nani atazishika kila moja, mpaka siku gani?
3. Je, dawa zake zimebaki ngapi, na zinamezwa saa gani?
4. Maji ya kunywa ya leo yamechemshwa?
5. Je, yupo jirani yetu ambaye moyo wake umechoka? Nani atakwenda kuketi naye leo?

Baba, mama, mkiisha kusoma somo hili, msilifunge bila kutenda neno moja. Chukueni bidoni ya mgonjwa wenu, mwende kuteka maji.